Kabla ya Sheka, Nunua Kipimo

Bumu la muhula wa kwanza mwaka jana lilipoingia, wenzangu walinunua vitu vya maana. Mmoja alinunua jiko la gesi, mwingine godoro, maana lile la kwanza lilishachimbika shimo katikati. Mimi nilinunua seti ya kutengenezea kokteli. Shilingi 65,000, Kariakoo, baada ya kubembeleza kutoka 80,000. Ilikuwa imepangwa kwenye standi ya mbao, inang'aa kama vifaa vya maabara, na mimi ni mtu wa maabara: nasoma Ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kemia na Baiolojia. Kulikuwa na sheka, yaani kile kikopo cha kutikisia, chujio lenye springi, kijiko kirefu kilichosokotwa shingo, mchi wa kupondea, koleo la barafu, kifungua chupa, na kikombe kidogo chenye umbo la ajabu, kama vikombe viwili vilivyogeuziana mgongo. Hicho cha mwisho nilikiweka pembeni, nikawa natunzia sarafu za nauli.

Naanza kwa kukiri hayo kwa sababu ninachotaka kusema kinapingana na manunuzi yangu mwenyewe. Kwa mwanachuo anayetaka kuchanganya vinywaji geto, karibu kila kitu kilichokuwa kwenye ile standi kipo tayari jikoni kwako au kwa jirani. Kinachokosekana ni kile kikombe cha sarafu tu. Ni kipimo, na ndicho sisi wote tunakidharau.

Tuanze na sheka, maana ndiyo inayotutia wazimu kwenye zile video za simu. Kazi yake ni nini hasa? Ni tatu: kupoza, kuchanganya, na kuongeza maji kidogo. Hiyo ya tatu watu wengi hawaijui. Barafu inapogongana na kinywaji, inayeyuka, na maji yale si uchafuzi bali ni sehemu ya kokteli. Bila hayo pombe kali inakwaruza koo na ndimu inauma meno. Ndiyo maana unatikisa kwa sekunde kumi hadi kumi na tano kisha unaacha. Ukizidisha, unakunywa maji ya ndimu. Kwa kazi hiyo chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana inatosha kabisa. Mimi sasa natumia kopo la siagi ya karanga lililooshwa vizuri.

Sheka yangu ya vipande vitatu, yaani kikopo, kifuniko chenye matundu na kikofia cha juu, ilinitoa jasho. Ikipata baridi vipande vinabanana. Siku ya kwanza kofia ilikataa kutoka, nikaigonga ukutani mpaka jirani akaja kuuliza kama napigwa. (Dawa yake ni kuipitishia maji ya uvuguvugu kwa nje, basi.) Siku ya pili niliweka soda ya tangawizi ndani nikaitikisa. Gesi haina subira. Shati la mwenzangu, alilokuwa amelinyoosha kwa ajili ya kuwasilisha semina kesho yake, liligeuka ramani. Soda huongezwa mwishoni, kwenye glasi. Hilo ningetakiwa kulijua bila kufundishwa, mtu wa Kemia mzima.

Chujio la chai linafanya kazi ya chujio lenye springi, tena linazuia mbegu za pasheni vizuri zaidi. Kijiko kirefu, hata uma unakoroga. Mchi, mwisho wa mwiko wa mbao unatosha, au mchi wenyewe wa kinu kama hautwangii vitunguu saumu. Kuna jambo moja tu la kuangalia hapo: majani ya nanaa huyatwangi kama kisamvu. Unayabonyeza mara mbili tatu yatoe harufu. Ukiyasaga yanachachuka na kuwa machungu. Wenzetu wa Nairobi waliilewa hiyo zamani. Ile kokteli yao maarufu iitwayo Dawa, iliyojulikana sana pale mgahawa wa Carnivore, ni vodka, ndimu, sukari, barafu na asali, na kifaa chake kikuu ni kijiti. Unakichovya kijiti kwenye asali, unakikandamizia kwenye ndimu ndani ya glasi yako mwenyewe, unaendelea kukikoroga kadiri unavyotaka utamu. Kijiti tu! Hakuna standi ya mbao.

Barafu nitaisemea kidogo. Ukinunua ya mtaani hujui maji yake yametoka wapi, na kilevi kwenye glasi hakiui vijidudu kama watu wanavyojidanganya. Chemsha maji, yapoe, gandisha kwenye trei. Kama hamna friji, muombeni mwenye nayo tangu asubuhi.

Sasa turudi kwenye kile kikombe.

Kipimo cha namna ile, vikombe viwili vilivyogeuziana mgongo, ni cha zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1893 Cornelius Dungan wa Chicago alipewa hataza yake. Upande mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Vingi vinavyouzwa hubeba mililita 50 na 25, vingine 60 na 30, na changu, nilipokuja kukipima baadaye kwa bomba la sindano, kilibeba 40 na 20. Hakikuwa kimeandikwa chochote. Kwa hiyo hata kipimo chenyewe kipimwe kwanza.

Niliyapima hayo baadaye, nasema. Baada ya usiku wa Jumamosi moja mwezi wa tatu.

Tulikuwa tumemaliza mitihani ya majaribio, tukachanga, watu kumi na wawili. Seti yangu ikawa pambo mezani, kwa sababu huwezi kutikisa glasi moja moja kwa watu kumi na wawili. Tukaleta ndoo. Chupa mbili za pombe kali, kila moja mililita 750, asilimia 40. Juisi ya embe na pasheni lita nne na nusu. Nikaonja, nikasema iko sawa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo: ulimi wangu, ambao ulishaonja mara tatu. Barafu iliisha mapema. Ndoo ilipofika nusu, mmoja wetu aliyechelewa kufika akaja na chupa ya tatu, akaona aibu kukaa nayo peke yake, akaimimina yote ndani. Alifanya kwa moyo mzuri kabisa. Hakumwambia mtu, na juisi haikuongezwa.

Kulikuwa na binti ninayekaa naye meza moja maabara. Ameniruhusu niandike haya, na ameyasoma. Yeye ni mtu wa bia mbili, anajijua, haongezi. Alipofika aliniuliza, "Hii ina nguvu?" Nikamjibu, "Hapana bwana, ni juisi iliyochangamka." Akajipangia vikombe vitatu. Kwa hesabu yake, vikombe vitatu vya juisi iliyochangamka ni kama zile bia zake mbili.

Saa nne na nusu usiku alidondoka kwenye ngazi. Kidevu kilipasuka. Tulidhani ni kuteleza, tukamwinua, akatapika, halafu akawa haitiki vizuri. Wa kwanza akasema mlazeni tu atalala, kesho ataamka. Wa pili akasema mmwagieni maji. Nashukuru wa tatu, dada mmoja wa Uuguzi, alitufokea wote, akamlaza ubavu ili asipaliwe na matapishi, akasema bajaji, sasa hivi. Nauli nilikwenda kuitoa kwenye kile kikombe. Nilimwaga zile sarafu kiganjani nikakiacha kimelala mezani.

Pale hospitali nesi hakutugombeza. Aliuliza tu, "Amekunywa nini?"

Tukamtajia.

"Kiasi gani?"

"Vikombe vitatu."

"Vikombe vitatu vya nini? Kikali kiasi gani?"

Mimi ndiye niliyechanganya, na sikuwa na jibu. Nilisimama pale nikatazama sakafu. Wiki mbili kabla nilikuwa najiandaa na somo la vipimo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, nimeandika kwenye andalio langu kwamba mwanafunzi ateremshe jicho liwe usawa na kiwango cha kimiminika ndani ya silinda, asisome kwa juu wala kwa chini. Asidi hatuipimi kwa macho. Hata sukari ya kumpikia mgeni chai tunahesabu vijiko. Ila kitu ambacho kinaweza kumlaza mtu kwenye dripu tunakimimina huku tunaangalia pembeni.

Alishonwa nyuzi tatu, akatundikiwa dripu, asubuhi akarudi. Jumapili jioni nilikaa na kalamu. Nitawawekea hesabu hapa maana ni ya kidato cha pili tu, na naomba usiiruke.

Chupa mbili ni mililita 1,500. Asilimia 40 yake ni mililita 600 za kilevi halisi. Ukijumlisha juisi unapata ndoo ya lita sita, kwa hiyo ni asilimia 10. Kikombe chetu kilikuwa cha mililita 300, ndani yake kuna mililita 30 za kilevi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani hata kabla ya chupa ya tatu, kikombe kimoja tayari kilizidi bia nzima, na mimi nilikuwa natangaza juisi. Ndoo ikafika nusu: lita tatu, zimebaki mililita 300 za kilevi. Chupa ya tatu ikaleta 300 nyingine. Sasa una mililita 600 ndani ya lita tatu na robo tatu, asilimia 16. Kikombe kilekile, rangi ileile ya embe, kimebeba mililita 48. Karibu bia mbili.

Alikunywa kimoja kabla na viwili baada. Mililita 30, na 48, na 48. Ni 126, sawa na bia tano, ndani ya saa moja na ushei, na alikuwa hajala tangu mchana. Mtu wa bia mbili. Alifuata mpango wake vizuri kabisa, namba niliyompa mimi ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia barazani. La kwanza: "Si msinywe tu?" Sawa, na wengi humu hawanywi, kwa dini au kwa hiari, na sina neno nao. Ila hawa wanaokunywa wapo, ni watu wazima, na hawataacha kwa kusoma jarida hili. Nikisubiri waache ndipo niwaambie wapime, nitazeeka.

La pili ndilo gumu, maana limekaa ndani ya malezi yetu. Kumpimia mgeni ni ubahili. Kwetu ukarimu unaonekana kwa kujaza: sahani inafunga mlima, chai inafika ukingoni, na mwenye mkono mwepesi anasemwa mpaka kijiji cha pili. Sasa mtu akutoe kikombe cha mililita 40, akiinue usawa wa jicho kama mfamasia? Nilizomewa siku ya kwanza nilipofanya hivyo, wakaniita duka la dawa. Lakini nendeni baa yoyote mkaagize pombe kali, mtapimiwa kwa toti, na hakuna anayenuna. Mwenye baa anapima ili asipate hasara. Sisi hatuna cha kupoteza isipokuwa mgeni mwenyewe, basi hatupimi.

Hata viroba, vilivyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017 nikiwa bado shule ya msingi, kwa ubaya wao wote vilimwachia mnywaji kitu cha kuhesabu. Maganda yalikuwa chini pale, yanaonekana. Sivililii, viliharibu watu wengi na nafurahi vimeondoka. Nasema tu kwamba ndoo haiachi maganda.

Na la tatu ni la wanaojiona mafundi: "Mimi jicho langu halikosei." Jaribu leo. Chukua glasi tatu za maumbo tofauti, mimina maji unayodhani ni mililita 50 kila moja, kisha pima. Nimewafanyia jaribio hili watu saba kwenye korido yetu, na aliyekaribia zaidi alimimina 65 kwenye glasi pana. Mmoja alifika 90.

Kipimo hakihitaji Kariakoo. Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, linapatikana duka lolote la dawa kwa mia tano au chini, na limeandikwa mistari vizuri kuliko kikombe changu. Kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi kina mistari pia. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha chakula ni 15. Kifuniko cha soda sikishauri, mkono unatetemeka na hakuna anayehesabu vifuniko baada ya cha nne. Na ongeza hili kutoka kwa mtu wa Kemia: kipimo hakikuokoi kama chupa ni ya magendo. Methanoli haikupi ladha ya kukuonya. Nunua chupa iliyofungwa, dukani.

Halafu kuna faida ambayo sikuitegemea. Vinywaji vikawa vitamu. Nilikuwa nadhani kokteli za hotelini zina siri fulani, kumbe siri ni uwiano. Mbili, moja, moja: mililita 40 za pombe, 20 za ndimu, 20 za shira. Shira yenyewe ni sukari na maji ya moto kwa vipimo sawa, ipoe. Ndimu zetu haziaminiki, za kiangazi nyingine zinatoa matone tu, kwa hiyo kusema "ndimu moja" si kusema kitu; kamua, kisha pima. Kwa asiyekunywa ninatengeneza hivi: mililita 60 za maji mazito ya ukwaju, 20 za shira, 10 za maji ya tangawizi mbichi, tikisa na barafu, chuja, malizia na soda nyeupe. Ninayekaa naye chumba kimoja ni mswalihina, na kwa muda mrefu kwenye sherehe zetu alikuwa anapewa soda ya moto na kiti cha kona. Sasa ana kopo lake la kutikisia, chujio lake na bomba lake, vimeandikwa jina kwa maka peni, havikutani na vyangu hata kwenye kuoshwa. Aliomba hivyo na ana haki. Wageni wanaulizia cha kwake kuliko changu.

Ndoo bado tunaichanganya, watu wakiwa wengi hakuna namna. Ila sasa tumeweka utaratibu mmoja, na tuligombana mpaka ukapita: ndoo ina karatasi. Imebandikwa ubavuni, inasema kilichomo, asilimia ngapi, na kikombe kimoja ni sawa na bia ngapi. Anayetaka kuongeza chupa aongeze, lakini anakata namba ya zamani na kuandika mpya mbele ya watu. Wawili walishaahirisha kuongeza kwa sababu tu ya uvivu wa kupiga hesabu.

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa maabara alikuja. Kovu la kidevuni limebaki kama mstari mdogo. Hakusalimia kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo akasoma karatasi, midomo ikimchezacheza, akatoa kalamu mfukoni akanigeukia.

"Umekosea," akasema. "Umesahau barafu."